Baridi Imeingia Bariadi: Uza Viungo, Bia Mwachie Mwenye Leseni

Leo tuongee kuhusu bia ya moto. Ndiyo, umesoma vizuri. Bia iliyopashwa kwenye sufuria, ina tangawizi, mdalasini na karafuu, inanywewa kwenye kikombe kama chai.

Video za vinywaji vya namna hii zinazunguka kwenye simu zetu, na baridi ikianza tu swali linakuja lile lile: "Na mimi si niiuze hii mtandaoni?" Mtu ana ukurasa wake, ana wateja wake, ana jiko. Anaona hela iko pale pale.

Msimamo wangu nausema mapema ili usisome ukiwa unabahatisha. Hela ipo kweli, ila haipo kwenye bia. Usiuze bia ya moto mtandaoni. Uza pakiti ya viungo vya kuitengenezea, na bia yenyewe mwachie mwenye leseni yake. Naeleza kwa nini, halafu nakupa na namna ya kufanya.

Kwanza, wateja wapo

Baridi ya huku Simiyu si ya Makete wala Njombe. Mchana jua linawaka kama kawaida, mtu anatembea na shati la mikono mifupi. Lakini jua likizama, kuanzia Juni mpaka Agosti mwanzoni, upepo mkavu unaanza, na watu wanatafuta koti na kitu cha moto. Baridi yetu ni ya jioni na alfajiri. Hilo likumbuke, maana litakuja kukusaidia kwenye muda wa kuposti.

Kitu cha pili ni pamba. Msimu wa kununua pamba unafunguliwa karibu na Mei, na miezi hiyo hiyo ya baridi ndo hela ya pamba inaingia vijijini na mjini. Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu, Busega, kote unaona mzunguko unabadilika. Na tarehe 8 Agosti kuna Nane Nane. Wakubwa mnakumbuka mwaka 2018 maonesho ya kitaifa yalipoletwa Nyakabindi, hapa hapa kwetu.

Kwa hiyo baridi na hela vinakuja pamoja. Mfanyabiashara gani anataka zaidi ya hapo?

Ila tahadhari moja. Hela ya pamba siyo ya kuihesabu kabla haijafika. Msimu wa 2019 wakulima wengi walikaa muda mrefu wakisubiri malipo yao, na walipokwama wao duka nalo likakwama. Ndo maana bidhaa ya msimu huu inatakiwa iwe ile ambayo isipouzika leo, kesho bado ni mali. Shika hiyo sentensi, tutairudia.

Bia ya moto siyo jambo geni

Wapo watakaosema, "Bia ya moto? Hiyo ni ya wazungu." Siyo kweli.

Nenda Uganda kwa Wateso. Wana pombe yao ya ulezi inaitwa ajono, wengine wanaiita malwa. Inawekwa kwenye chungu, watu wanakaa wakiuzunguka, kila mtu ana mrija wake mrefu, na wanaongezea maji ya moto kidogo kidogo kadiri wanavyokunywa. Hiyo ni bia ya moto ya Afrika Mashariki, na ina umri mkubwa kuliko intaneti. Huku kwetu Tanzania kuna wanzuki, pombe ya asali. Kuchanganya pombe na asali siyo ugunduzi wa mtu wa YouTube.

Ulaya nao wanayo. Poland wanapasha bia na asali, karafuu na mdalasini wakati wa baridi, na Ujerumani pia ipo. Uingereza ya zamani walikuwa wanapasha bia motoni na kuitia viungo kabla friji hazijajulikana.

Sasa angalia hivyo viungo vyao. Karafuu inalimwa Pemba na Unguja, na karne ya 19 Zanzibar ndiyo iliyokuwa inaongoza duniani kwa karafuu. Mdalasini, iliki na pilipili manga vinalimwa milima ya Tanga na Morogoro. Tangawizi inatoka Same kule Mamba Miamba, inatoka Kigoma. Yaani kitu anachokunywa mtu wa Poland kwenye theluji, nusu ya ladha yake inalimwa Tanzania. Halafu sisi tunaangalia video yake na kutamani.

Kwa hiyo ladha ni ya kwetu na baridi tunayo. Kinachobaki ni kuamua uuze sehemu gani ya hicho kikombe.

Kwa nini usiuze bia yenyewe

Nina sababu nne.

Ya kwanza ni sheria. Biashara ya pombe Tanzania inaongozwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Kuuza pombe kunahitaji leseni ya vileo, na leseni hiyo inatolewa kwa eneo maalumu na kwa saa maalumu. Sufuria ya jikoni kwako pamoja na bodaboda anayezunguka na chupa ya chai iliyojaa bia havimo kwenye hiyo leseni. Leseni yako ya duka la nguo au la vipodozi pia haihusiani na pombe. Na usije ukawaza kuifunga kwenye vifuko vidogo. Viroba vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na wapo waliobaki na mzigo stoo wakiuangalia.

Halafu kuna suala la umri. Mtu akiagiza kwa simu, utajuaje kama amefika miaka 18? Mwenye baa anamuona mteja usoni. Wewe unaona picha ya mwanamuziki na jina la utani. Bodaboda wako anafika, anayepokea ni mtoto, anasema "nimetumwa na kaka". Hapo unafanyaje?

Ya pili ni ukurasa wako. Hii wengi hawaijui. Masharti ya biashara ya WhatsApp Business hayaruhusu pombe kwenye katalogi. Facebook na Instagram nao hawaruhusu watu binafsi kuuziana pombe. Wakikufungia, hawafungi tangazo la bia peke yake, wanaweza kuzima akaunti nzima. Sasa fikiria una wafuasi uliowakusanya miaka mitatu kwa kuuza vitenge au viatu vya mtumba, unawapoteza wote kwa sababu ya sufuria moja ya bia. Kwa sisi tusio na fremu pale mjini, ukurasa ndo fremu yetu. Huwezi kuweka fremu rehani kwa bidhaa ya miezi miwili.

Ya tatu, bia ya moto haisubiri mteja. Ikishapashwa, gesi imetoka, harufu inaondoka, na kadiri inavyokaa motoni ndivyo kilevi kinavyopungua, kwa sababu kilevi kinachemka kwenye nyuzi 78, mapema kuliko maji. Ikipoa hairudi kuwa bia. Na kama unawaza pombe ya kienyeji ya mtama, hiyo ndo usiseme. Inaendelea kuchacha hata ukishaifunga, gesi inajaa, na chupa inaweza kupasuka kwenye buti la basi kabla haijafika Lamadi. Hapo utalipa mizigo ya watu.

Ya nne ni hesabu, na hii inataka kichwa chake.

Tupige hesabu

Namba hizi ni za mfano. Toa zangu, weka za soko lako, lakini mtindo wa hesabu uwe huu.

Tuseme umenunua bia 10 za nusu lita kwa 2,000 kila moja. Hiyo ni 20,000. Umepata lita 5, sawa na glasi 20 za robo lita. Unauza glasi 1,500. Ukimaliza zote unapata 30,000. Inaonekana nzuri. Lakini upepo jioni ile haukuvuma, ukauza glasi 13 tu. Hiyo ni 19,500. Hela ya bia peke yake hujairudisha, na bado hujaweka mkaa, viungo, vikombe na bodaboda. Zile glasi 7 zilizobaki unazimwaga, au unazinywa mwenyewe, ambayo ni hasara mara mbili.

Sasa pakiti. Tuseme unatengeneza pakiti 20. Viungo vyote 14,000. Mifuko na lebo 5,000. Nauli ya kwenda sokoni na kurudi 2,000. Bando 1,000. Jumla 22,000, yaani kila pakiti imekugharimu 1,100. Unauza 2,000. Zikiisha zote umeingiza 40,000, na inabaki 18,000. Na kama jioni hiyo zimeuzika 15 tu? Umeingiza 30,000, gharama zote zimerudi, una 8,000 mkononi na pakiti 5 ziko kabatini, kavu, zinasubiri wiki ijayo.

Umeona tofauti? Bia isipouzika inakuwa maji machafu. Pakiti isipouzika inakuwa mtaji. Ndo ile sentensi niliyokwambia uishike.

Kuna anayesema, "Pakiti ya viungo ni senti, bia ndo ina hela." Mimi naona ni kinyume. Bia ina bei ambayo kila mtu anaijua, mpaka bibi yako. Ukiongeza mia tano mteja anakwambia baa ya jirani ni rahisi. Pakiti yako haina bei mtaani. Thamani yake inatokana na usafi, vipimo sahihi, na yale maelekezo yanayomfanya mtu asiyejua kupika atoe kinywaji kizuri mara ya kwanza. Mteja hakununui karafuu sita. Karafuu anaweza kununua mwenyewe. Anakununua wewe umpunguzie kubahatisha.

Namna ya kutengeneza pakiti

Pakiti moja iwe ya bia mbili za nusu lita. Mimi napendekeza vipimo hivi:

– Tangawizi kavu ya vipande, gramu 5 hivi
– Kijiti kimoja cha mdalasini, urefu wa kidole
– Karafuu 6
– Iliki 4
– Pilipili manga nzima, punje 6

Karafuu usizidishe. Zikizidi, kinywaji kinakuwa na ladha ya dawa ya meno. Ukitaka utofauti, ongeza ganda la chungwa lililokauka vizuri.

Nunua viungo vizima, siyo vya unga. Unga unaweza kuchanganywa na vitu usivyovijua, na mteja hawezi kuona. Kiungo kizima kinajitetea chenyewe. Mteja anaona karafuu ina kichwa chake, anaona iliki imejaa.

Tangawizi kausha mwenyewe kama unaweza, jua la huku Juni na Julai tunalo la kutosha. Osha, kata vipande vyembamba, tandaza kwenye kichanja kilichoinuliwa juu, funika na chandarua safi vumbi na nzi wasiingie. Usianike chini. Jioni ingiza ndani. Imekauka pale ukiipinda inakatika kwa sauti. Ikipinda bila kukatika bado ina maji, na ukiifunga hivyo itaota ukungu ndani ya pakiti. Ukungu siyo wa kupangusa na kuendelea kuuza. Ukiuona, tupa. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemshwa.

Mfuko tumia ule wa khaki wenye nailoni ndani na zipu ya kufunga. Karatasi tupu inanyonya unyevu.

Maelekezo ya kumpa mteja

Haya yaandike kwenye kikaratasi kidogo ndani ya pakiti. Yaandike kwa Kiswahili cha kawaida, mteja asome akiwa amesimama jikoni.

1. Chukua sufuria kubwa. Bia ikipata moto inatoa povu na kupanda juu kama maziwa, sufuria ndogo itakuchafulia jiko.
2. Weka maji kikombe kimoja na viungo vyote. Ponda iliki kidogo kwanza. Funika, chemsha kwa moto mdogo dakika 10. Viungo vinatoa ladha kwenye maji yanayochemka, na hiyo kazi ifanyike kabla bia haijaingia.
3. Weka asali au sukari vijiko viwili vya chakula, koroga.
4. Punguza moto. Mimina bia taratibu ukiipitisha pembeni mwa sufuria.
5. Pasha mpaka uone mvuke. Isichemke. Ikichemka harufu nzuri inapotea na uchungu wa bia ndo unabaki.
6. Chuja, kamulia limao kidogo, kunywa ikiwa ya moto.

Na chini yake andika kwa herufi kubwa: USIPASHE BIA IKIWA KWENYE CHUPA AU KOPO LILILOFUNGWA. Inaweza kulipuka. Hili siyo la utani, kuna mtu ataona sufuria ni kazi akaweka chupa kwenye maji ya moto. Wewe ndo uliyeuza pakiti, maelekezo ni jukumu lako.

Bia nyepesi ya kawaida inafaa. Ile nyeusi inafaa zaidi kwa anayependa ladha nzito. Asali ukiweza kupata ya Tabora au ya hapa hapa mkoani, mwambie mteja, na kama unauza asali hapo umeshapata oda ya pili.

Wasiokunywa ni wengi, usiwaache

Hapa ndo pakiti inaipiga bia bao kabisa. Bariadi ina Wasabato, ina walokole, ina Waislamu, ina akina mama wajawazito na wanaonyonyesha, ina madereva na bodaboda ambao wana kazi usiku. Hao wote wanasikia baridi kama wengine. Ukiuza bia umewafungia mlango. Ukiuza pakiti ile ile, umewafungulia.

Kwenye kikaratasi, upande wa pili, andika namna ya pili: rozela. Chemsha viungo na maji lita moja kwa dakika 10, weka maua ya rozela kiganja kimoja, zima moto, funika dakika tano, chuja, tia sukari. Rangi nyekundu, uchachu wake, tangawizi inakwaruza koo. Watoto wanakunywa, mchungaji anakunywa, shehe anakunywa. Wengine watatumia kwenye chai ya kawaida, na chai inanywewa mwaka mzima. Kwa hiyo hata baridi ikiisha Agosti, bidhaa haijafa.

Maneno ya kuepuka kwenye tangazo

Usiandike "inatibu kifua". Usiandike "inaondoa mafua", "inasafisha mwili", "inaongeza nguvu za kiume". Umeuza kinywaji, hujauza dawa. Ukishaanza kudai tiba umeingia kwenye eneo la watu wengine na utaulizwa maswali ambayo huna majibu yake.

Usiandike pia kwamba pombe inapasha mwili joto. Mtu anahisi joto kwa sababu damu inakuja juu ya ngozi, lakini hapo ndo joto la ndani linatoka nje kwa haraka. Mlinzi wa usiku akiamini hivyo akanywa ili avumilie baridi, umemdanganya vibaya. Andika ukweli unaotosha: "Ladha ya jioni ya baridi. Inatosha vikombe vinne." Mtu mwenye baridi hahitaji maneno mengi.

Lebo na vibali

Sijasema pakiti haina sheria. Ina sheria, ila ni sheria unayoweza kuimudu.

Chakula kilichofungashwa kiko chini ya TBS, na tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yaliyokuwa TFDA yamehamia huko. Lebo yako iwe na jina la bidhaa, viungo vilivyomo, uzito, jina na mahali pa mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Nenda ofisi ya SIDO ya mkoa, waambie unachotengeneza. Wajasiriamali wadogo wanaopitia SIDO wamekuwa wakihudumiwa na TBS bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Uliza utaratibu ulivyo sasa, uliza na mafunzo ya ufungashaji. Leseni ya biashara unaipata Halmashauri, na TIN pale TRA haiuzwi, ni bure. Mtu akikwambia lipa, muulize ya nini.

Usiogope hizo ofisi. Mkoa wetu umeanzishwa 2012 tu, na tayari Maswa ilitoa chaki, Meatu ikatoa maziwa, yakajulikana kwa majina ya huko. Pakiti ya viungo iliyoandikwa "Bariadi" ina ubaya gani?

Namna ya kuuza

Posti saa kumi jioni, siyo asubuhi. Asubuhi mtu yuko juani, hakuelewi. Saa kumi anaanza kuwaza jioni itakuwaje, na bado una muda wa kumfikishia kabla ya saa moja.

Picha ipige dirishani, mwanga wa asili, mvuke uonekane. Weka kikombe cha udongo au cha bati, siyo glasi ya harusi. Na kwenye picha usiweke chupa ya bia yenye nembo ya mtu. Hukupewa ruhusa, na pia unaanza kuonekana unauza pombe.

Bei iandike. Hii tabia ya "njoo inboksi" inafukuza watu. Mtu anayesikia baridi hana subira.

Pakiti ni nyepesi. Unaituma kwa basi kwenda Maswa, Lamadi au Mwanza bila kuogopa kuvunjika wala kumwagika. Kusanya oda za upande mmoja utume kwa pamoja, nauli ya mzigo igawanyike.

Halafu nenda kwa wenye baa. Hii ndo sehemu ninayoiamini kuliko zote. Mwenye baa ana leseni, ana bia, ana jiko, ana wateja wamekaa. Hana pakiti. Mpelekee pakiti mbili za kuonja, mpikie mbele yake, mwachie. Fanya hivyo hivyo kwa mama mwenye kilabu cha pombe ya kienyeji. Yule mama analipia kibali chake, anaamka alfajiri kukoroga, anasomesha watoto kwa hiyo kazi. Ukianza kuuza bia ya moto kwa siri mtandaoni, wa kwanza kumpunguzia mteja ni yeye, na wewe hata kibali huna. Ukimuuzia pakiti kwa bei ya jumla, yeye ana kitu kipya cha kuuza jioni ya baridi na wewe una mteja wa kila wiki. Wote mmepata, na hakuna anayemkimbia mgambo.

Biashara ndogo inakufa haraka sana inaposhindana na jirani kwenye kitu ambacho jirani ana haki nacho na wewe huna. Inakua pale inapomuongezea jirani kitu alichokikosa.

Anza kidogo

Usinunue kilo tano za karafuu kwa sababu umesoma posti. Anza na pakiti kumi. Nne peleka baa na kilabuni, sita ziweke kwenye ukurasa. Andika daftarini: umenunua nini, kwa bei gani, umeuza kwa nani, nani amerudi. Aliyerudi muulize alipikia bia au rozela. Jibu lake ndo litakwambia kundi la pili utengeneze ngapi.

Msimu ni wa wiki chache. Leo jioni upepo ukianza kuvuma, kuna mtu Bariadi hii atafungua simu akitafuta kitu cha moto. Akutane na pakiti yako yenye bei, lebo na namba yako ya simu.

Kazi njema, na jioni mvae makoti.